Paka Aliyewekwa Ndani

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Kihonda alihamishiwa kazi Dodoma, akaniachia paka. Alimleta ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, akaagana naye kwa machozi kama mzazi anayeacha mtoto bweni, akaondoka. Boksi lilipofunguliwa, paka aliitupia macho sebule yetu mara moja tu, akazama nyuma ya friji, na huko ndiko aliko hadi ninapoandika. Binti yangu amemwita kwa majina yote anayoyajua, amemvuta mkia, amemmulika kwa tochi ya simu. Jana akaja kuniambia kwamba paka huyu ni mbovu, tumrudishe kwa mwenyewe. Nikamwambia azime tochi, akae chini, ampe paka mgongo. Akauliza nimejulia wapi mambo ya paka. Jibu lake linaanzia Kinole, kijiji cha milimani, kwenye nyumba ambayo haipo tena.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo. Kama uliwahi kuyasubiri unaujua muda ule, si mwanafunzi tena na bado hujawa mtu mwingine yeyote. Mama yangu alikuwa muuguzi mjini Morogoro, na hakutaka nishinde mtaani bila kazi, basi akanipandisha milimani kwa Bibi, mama yake. Nilifika nikiwa nimenuna. Hakukuwa na televisheni, na umeme ulikuwa habari ya watu wa barabarani.

Lakini Kinole ilikuwa na harufu, na mtu akishaizoea harufu ya mahali amekwisha. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Bibi alikuwa ameshabandika chai ya mdalasini, ile ya magome aliyoyabambua kwa kisu chake mwenyewe. Uani kulikuwa na jamvi la pilipili manga, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza jua likipanda na kuzikimbiza ndani mvua ikinukia, na kule mvua hunukia kila mara. Mchana tulikula mihogo ya nazi au ndizi, jioni wali na dagaa. Nanasi hatukulihesabu kuwa chakula, lilikuwa kitu cha kukata tu unapopita. Mpaka leo nikisagiwa pilipili manga mpya sokoni hapa mjini huwa nasimama kidogo, na muuza viungo hudhani namdai chenji.

Bibi alikuwa kungwi. Kwetu Waluguru, zamani msichana akifika umri aliwekwa ndani. Alikaa chumba cha katikati, kisicho na dirisha, akiitwa mwali, analetewa chakula, hatoki juani, na mwanamke mzima anayeheshimika anamfundisha maisha kwa sauti ya chini. Akiiva, anatolewa nje kwa ngoma na vigelegele, kijiji kizima kinamwona upya. Bibi alikuwa amefundisha wanawake nusu ya kijiji kile. Ulikuwa ukipita naye njiani kina mama wazima wenye wajukuu wanashusha mizigo kumwamkia shikamoo.

Na mimi nilikuwa nimefika umri huo. Kila mtu alilijua hilo, hakuna aliyelisema. Mama alikuwa ameshaapa kwamba mwanawe hatawekwa ndani, kwa sababu aliwaona wenzake wakiingia chumba kile na wasirudi tena shuleni. Siku aliyonileta alirudia maneno hayo mlangoni, kwa adabu lakini kwa uso mkavu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akaingia jikoni kunipakulia ndizi. Sikuona kama ameumia. Nilikuwa mtoto, nilidhani anayeumia lazima alie.

Muda mfupi baada ya mimi kufika, mdogo wake Bibi akafariki kule Mkuyuni. Tulimwita Bibi Mdogo. Hakujaaliwa mtoto, na miaka yake ya mwisho aliishi peke yake na paka mmoja wa kike, wa kijivu mwenye milia, aliyekuwa hajui mkono mwingine duniani zaidi ya wake. Bibi alimuuguza mpaka dakika za mwisho, na kabla hajakata kauli Bibi Mdogo alimwomba dada yake jambo moja tu, kwamba paka yule asiachwe akaishia porini. Bibi akamwahidi. Kwenye maziko hakulia. Watu wakasema kungwi halii mbele za watu, amezoea kujizuia. Mimi nililala naye chumba kimoja, na ninakuambia hakulia hata pasipokuwa na watu.

Paka aliletwa Kinole na Mjomba, kaka yake Mama, ndani ya tenga la kuku lililofunikwa kanga ili asiione njia akaja kuirudi. Alipofunguliwa, alijipenyeza chini ya kitanda cha kamba kwenye chumba cha ndani, akajibana kwenye pembe ya ukuta, na kila aliposogelewa alitoa sauti ya maji yanayomwagikia moto. Alikuwa hali kitu. Akisikia mchi ukipiga kwenye kinu anatetemeka mwili mzima, na akisikia pikipiki ndiyo basi tena.

Sasa hapo ndipo palikuwa na shida. Juu ya jiko la Bibi kulikuwa na dari la fito, na darini kulikuwa na mahindi ya mbegu ya masika, yameachwa na maganda yake yapate moshi. Mwaka ule panya waliingia darini kama waliopewa hati ya nyumba. Ukikaa jikoni ulisikia mbegu ya ukoo mzima ikitafunwa juu ya kichwa chako. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, basi Mjomba akatoa kauli. Alikuwa amenunua sumu ya panya. Aliifunga kwenye mfuko, akaitundika kwenye nguzo ya jikoni, akasema ataitega. Bibi akamkumbusha kwamba paka akila panya mwenye sumu naye anakufa.

"Paka wa nyumba haingwa," Bibi akasema, yaani hafukuzwi.

"Paka wa nyumba ni yule anayeonekana, Mama," Mjomba akajibu. "Huyu ni mgeni aliyejificha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mbegu ikiisha hakuna wa kumlaumu ila yeye. Wakakubaliana kwamba atangoja mpaka arobaini ya marehemu, ambayo ingesomwa kwa Bibi. Arobaini ikipita na panya bado wapo, anatega. Nilielewa, kama ulivyoelewa wewe, kwamba paka amepewa muda wa kuacha woga au afe, na kwamba Bibi amepewa muda wa kutimiza ahadi au aivunje.

Siku iliyofuata Bibi aliingia chumba cha ndani na kanga ya marehemu ambayo haikufuliwa, akaitandika chini ya kitanda, karibu na ile pembe lakini si ndani ya pembe. Akatundika kanga nyingine mlangoni. Akapindua kapu kuukuu, akalitoboa upande mmoja, akaliweka pale liwe nyumba ndani ya nyumba. Kisha akaniita. Aliniambia kuanzia siku ile tutatwanga kwa jirani, mimi peke yangu ndiye nitakayempelekea paka chakula, saa zilezile, na anayemhudumia aliye ndani hashindi akizurura. Niliuliza kwa nini mimi. Akasema nina mkono mwepesi, tena nimenuna vya kutosha, sitampigia kelele.

Nilikuwa naingia na kibakuli cha dagaa waliolowekwa kwenye maji ya moto, nakiweka, nakaa mlangoni na kumpa mgongo. Hilo la mgongo ndilo lililonisumbua. Mtoto anataka kuona. Nilipogeuka kuchungulia, Bibi alinigusa bega. "Aliye ndani hatazamwi usoni, mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyokuwa akinitania. "Anapewa mgongo mpaka ageuke mwenyewe."

Kazi yetu ya kupukuchua pilipili manga ikahamia chumba kile. Bibi alikaa kwenye kigoda, mimi mlangoni, paka chini ya kitanda, mwanga unaingia kidogo tu kwa pembeni ya kanga. Na Bibi akaanza kusema. Alisema na paka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini, isiyo na haraka, mikono yake ikiendelea na pilipili. Alimwambia kwamba hakuja nyumba hii kuomba, na aliyepewa mahali haingii kwa kunyata. Alimwambia hofu haifukuzwi, hofu inalishwa mpaka ishibe ilale. Alimwambia mtu akimwita kwa ukali asiende, na akimwita kwa upole, bado afikiri kwanza. Alimwambia kula yake, kulala yake na usafi wake ndiyo heshima yake, hata pasipo na wa kumwona. Kisha aliimba kidogo, nyimbo za Kiluguru ambazo zamani nilizisikia kwa mbali tu, nikiwa mdogo, nikifukuzwa nisisogelee.

Mambo yalikwenda polepole mno. Mwanzoni kibakuli kiliguswa tukiwa tumetoka. Baadaye kikaguswa mimi nikiwa mlangoni. Nilisikia ulimi ukilamba nyuma yangu, na mwili wangu wote ukakakamaa kwa furaha, nikaogopa hata kumeza mate. Kisha asubuhi moja kitu cha joto kilinigusa mgongoni, kikaegemea kidogo, kikaondoka. Sikugeuka. Nilimsikia Bibi ananong'ona, "Ahaa," na pilipili zikaendelea kudondoka kwenye ungo. Sijui kama nimewahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo maishani.

Lakini kijiji kina macho. Mwanamke aliyekuja kuomba moto aliona kanga mlangoni. Mwingine aliniona nikiingia na chakula kilichofunikwa. Kinu cha kungwi kimenyamaza, mjukuu wa mjini haonekani mtoni wala dukani isipokuwa alfajiri, na nyimbo za ndani zinasikika mchana. Wakajumlisha, na kwa mila yao hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa. Wakaamua kwamba Bibi ameniweka ndani kimyakimya, kwa kumwogopa mama yangu, na kwamba ni aibu mjukuu wa kungwi wao atolewe bila ngoma.

Walikuja Ijumaa, alasiri. Nakumbuka nilikuwa nakuna nazi. Kwanza nilisikia kigelegele kimoja njiani, halafu vingi, halafu ngoma, na kabla sijasimama ua ulikuwa umejaa kina mama wenye kanga mpya, unga kwenye nyungo na kuku wawili, na wengine walishaingia mpaka ukumbini wakiimba. Mmoja, aliyekuwa na furaha ya kweli machoni, akaivuta kanga ya mlangoni.

Paka alipita katikati ya miguu yao. Niliona mgongo wa kijivu tu, akakata ua, akapotelea upande wa nyuma ya jiko kwenye midalasini. Mimi nilikuwa nimesimama uani na mbuzi ya nazi mkononi, na wote wakaniona, na ngoma ikafa.

Hapo Bibi angeweza kuwafukuza. Badala yake aliwakaribisha wakae, akawapa maji, akawaeleza kila kitu, mdogo wake, ahadi, paka, mbegu, sumu kwenye nguzo. Msichana mmoja alianza kucheka, mama yake akamfinya. Wengine waliinamisha vichwa. Yule aliyeivuta kanga alimshika Bibi mikono, akamwomba radhi, akasema walifikiri wanamletea furaha. Bibi akasema anajua, na kwamba amekuwa akiingoja ngoma hiyo tangu mjukuu wake azaliwe. Alilisema kwa upole kabisa. Wakati ule nilidhani anawafariji wageni.

Nilitaka tumtafute paka kabla giza halijaingia. Nilishachukua kibakuli cha dagaa nikasimama njiani. Bibi akanirudisha. "Aliyetoka hafuatwi," alisema. "Ukimfuata unamwambia njia si yake." Aliacha mlango wa nyuma wazi, akatandika ile kanga ya Bibi Mdogo kizingitini, akaendelea na kazi zake. Nilimwona ni katili. Nililia chini ya shuka, nikamchukia kwa utulivu wake, na kila nilipoingia jikoni nilitazama ule mfuko kwenye nguzo. Mjomba alikuja akatazama kanga kizingitini, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nadhani alishamhesabu paka kuwa amekufa.

Siku ya arobaini watu walifurika. Walitoka Mkuyuni na vijiji vya juu, wanaume wakakaa uani, wanawake wakajaa ukumbini kwenye mikeka, masufuria ya pilau yakawekwa kwenye mafiga nje kwa sababu jiko lilikuwa dogo. Mama alifika kutoka mjini na sare yake ya kazi kwenye mfuko. Khitma ikasomwa, dua ikaombwa, na ukaja ule ukimya ambao watu wanafuta nyuso na kukohoa kidogo kabla ya sahani kuanza kupita. Bibi alikuwa amekaa mwisho wa mkeka, kwa ukuta, mgongo wake umenyooka kama siku zote.

Ndipo fito za dari la jikoni zikalia. Aliyekuwa karibu na mlango ni mimi, nikageuka, nikamwona anashuka ngazi ya darini, mguu mmoja baada ya mwingine, mweusi kwa masizi, amenenepa. Nakuapia amenenepa. Hakuwa ameenda porini. Alizunguka nyuma ya jiko siku ileile, akapanda juu ya mbegu, na huko ndiko alikokuwa akiishi, anakula panya na kutusikiliza. Sisi tulikuwa tumeshughulika na huzuni hata hatukutambua kwamba dari limenyamaza.

Alisimama kwenye mlango wa ukumbi. Watu wengi kiasi kile hakuwahi kuwaona maishani mwake. Niliona masikio yamelala nyuma, niliona ubavu unapanda na kushuka. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu wengi wa waliokuwepo walikuwa walewale wa Ijumaa ile, waliofundishwa na Bibi kwamba aliye ndani hatazamwi usoni, na mmoja mmoja wakaanza kugeuza nyuso zao pembeni, wakampa migongo. Ukumbi mzima wa wanawake wazima uliinama ukatazama ukuta. Paka akatembea. Alipita katikati ya miguu na magoti, akampita Mama, akafika mwisho wa mkeka, akapanda mapajani kwa Bibi, akajizungusha, akalala.

Bibi aliweka mkono juu yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake alilia kwa sauti, mbele ya wanafunzi wake wote, alimlia mdogo wake kama mtoto. "Ametoka," alisema. "Mwali wetu ametoka, mdogo wangu." Wanawake wakalia naye. Nje, Mjomba alipoambiwa, alipanda darini akakaa huko kitambo, akashuka na mikia ya panya kwenye kiganja. Akaufungua mfuko kwenye nguzo, akaenda kuufukia mbali na mto.

Jioni Mama alikaa na Bibi barazani, nami nikijifanya naosha masufuria. Alikuwa ameshasimuliwa habari ya ngoma. Akauliza, "Mama, hayo uliyokuwa unamfundisha paka, huyu mtoto aliyasikia?"

"Alikuwa anakaa mlangoni," Bibi akasema. "Masikio hayana kifuniko."

Nilingoja Mama akasirike. Hakukasirika. Alivuta kanga yake akajifunika miguu, akasema mlango ulikuwa wazi, basi si vibaya.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Bibi alikuwa ameyaweka tangu nizaliwe, akakatazwa kunipa, akayapitishia kwa paka. Na Mama naye alikuwa na haki, hilo siwezi kulificha. Nilikwenda sekondari Januari ile, na wenzangu kadhaa wa kule hawakwenda. Simtakii binti yangu chumba kisicho na dirisha. Ninachokililia ni kile kingine, kwamba kulikuwa na mtu aliyeweza kunyamazisha kinu chake, akapanga kazi zake upya, akakaa chini kumngoja kiumbe mmoja mwoga mpaka ageuke mwenyewe. Leo tunamulikana tochi. Nyumba ya Kinole imejengwa upya kwa tofali, ina madirisha makubwa na dari la mbao nyororo, na mahindi ya mbegu yananunuliwa dukani. Nyimbo zile nakumbuka milio yake tu, maneno yamenitoka, na waliokuwa wakiyajua wamekwisha.

Paka aliishi miaka mingi, akafa mbele ya Bibi, amelala kizingitini. Bibi alimfuata masika iliyofuata. Kwenye arobaini yake tulikuwa wengi kuliko siku ile, na mwisho wa mkeka, pale kwa ukuta, palibaki wazi. Kila aliyeingia alipaacha kwa heshima akatafuta sehemu nyingine. Mimi nilisimama mlangoni, mama wa mtoto tayari, nikiogopa macho ya watu wote wale. Halafu mwanamke mmoja mzee akageuza uso wake pembeni, na aliyekaa naye akafanya hivyohivyo, na mwingine. Nikapita katikati yao, nikaenda kukaa.